Safari za siku moja pwani ya Oaxaca: uliza kwanza gari la mwisho la kurudi

Puerto Escondido ni mji wa pwani ya Pasifiki, jimbo la Oaxaca, kusini mwa Meksiko. Kila kibanda cha utalii pale kinauza safari zilezile: pomboo alfajiri, kasa jioni, maji yanayong'aa usiku kwenye laguna (ziwa la kando ya bahari) ya Manialtepec. Ni safari nzuri. Lakini ukiifuata barabara kuu namba 200 kuelekea magharibi, hadi kuingia jimbo la Guerrero, utapita vijiji, masoko na laguna ambazo ni nadra mtu kukuuzia tiketi yake. Sisi wa Lubumbashi tuna sababu ya ziada ya kwenda huko. Eneo hilo linaitwa Costa Chica, na ndilo makao makubwa ya Wameksiko weusi upande wa Pasifiki: wazao wa watumwa walioletwa kuchunga ng'ombe kwenye mashamba ya Wahispania, na wa wale waliotoroka. Kati ya 1595 na 1640, biashara ya watumwa ya Meksiko ilipokuwa mikononi mwa Wareno, wengi wa waliovushwa bahari walipakiwa Luanda. Kutoka kwetu, hapo ni jirani. Katiba ya Meksiko iliwatambua watu hawa mwaka 2019, na sensa ya 2020 ilihesabu zaidi ya milioni 2.5 nchini kote waliojitambulisha kuwa na asili ya Afrika.

Hakuna ndege ya moja kwa moja, na karatasi ndizo zinazowakwamisha wengi. Pasipoti ya Kongo inahitaji viza ya Meksiko, isipokuwa una viza halali ya Marekani, Kanada, Japani, Uingereza au nchi za Schengen. Ukipitia Marekani unahitaji viza yao hata kama unabadilisha ndege tu bila kutoka uwanjani, kwa hiyo tiketi ya bei rahisi inayopita Miami au Houston inaweza kukugharimu safari nzima. Ukifika, usiondoke dirishani kwa ofisa wa uhamiaji kabla ya kusoma idadi ya siku alizokuandikia. Kikomo ni siku 180, lakini anaweza kuandika chache kuliko hizo.

Franka zetu hazibadilishwi huko. Beba dola safi, zisizochanika wala kuandikwa kalamu, na uonyeshe pasipoti kwenye duka la kubadilisha pesa. Kinachosumbua zaidi ni noti ya peso 500. Mashine za benki hupenda kuitoa, na mwenye mashua au mama wa samaki kijijini hana chenji yake. Ivunje mjini, kwenye duka kubwa, upate noti za 50 na 100. Fanya hivyo Puerto Escondido au Pinotepa Nacional, mji ulio magharibi zaidi kwenye barabara 200, kwa sababu vijijini hakuna mashine. Umeme wao ni volti 127 na plagi ni ya miguu miwili bapa. Chaja iliyoandikwa 100-240V haina shida. Mashine ya kunyolea ya volti 220 tu iache nyumbani.

Sasa namna ya kuzipata safari zenyewe. Watu wengi huanza na swali "niende wapi?" Anza na swali la pili: gari la mwisho la kurudi linaondoka saa ngapi? Kwenye pwani hii jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama mahali ni pa siku moja au pa kulala. Magari ya vijijini hufuata mahitaji ya wenyeji: asubuhi yanawaleta watu mjini sokoni na hospitalini, mchana yanawarudisha. Wewe unakwenda kinyume chao. Kwenda asubuhi ni rahisi, kwa kuwa magari yanarudi kijijini karibu matupu. Shida ni jioni, wakati hakuna mwenyeji anayetoka kijijini kwenda mjini. Ukiambiwa la mwisho ni saa kumi na moja jioni, panga kupanda lile la saa tisa. Hilo la mwisho husimamishwa kama abiria ni wachache, na dereva hana deni kwako.

Swali lenyewe liulize kwa watu wawili tofauti, dereva na mwenye duka la pale kituoni, na usalimie kwanza. "Buenos días", ngoja ujibiwe, ndipo useme: "¿A qué hora sale la última de regreso?" Anayeingia na swali bila salamu hupewa jibu fupi, mara nyingi la kumwondoa tu.

Vyombo ni vya aina tatu. Kuna mabasi madogo yanayokwenda mji kwa mji kwenye barabara 200. Kuna teksi za pamoja, abiria wanne au watano kila mmoja akilipa kiti chake. Na kuna kamioneta, pikapu yenye mabenchi mawili na turubai juu, inayoingia barabara za vumbi. Teksi na kamioneta huondoka zikijaa, sawasawa na taksi-bisi zetu za Likasi. Kosa la kawaida la mgeni ni kuingia teksi iliyo tupu bila kusema neno. Dereva anahesabu umeikodi yote na mwisho anadai bei ya viti vyote. Kabla ya kufungua mlango sema "colectivo", kisha uulize bei ya mtu mmoja. Kwenye mashua swali ni hilohilo: bei ni ya mtu au ya mashua nzima, ni ya kwenda tu au ya kwenda na kurudi?

Usiku wa kuamkia safari, fungua picha za setilaiti kwenye simu na ufuate ukanda wa pwani polepole. Tafuta mahali ambapo barabara inafika majini na kuishia hapo, huku kuna mashua kadhaa zimelazwa ufukweni na mapaa ya makuti. Hapo kuna gati, kwa hiyo kuna usafiri na chakula. Kwenye ramani zenye majina, fuatilia maandishi haya: embarcadero (gati), barra (ukanda wa mchanga kwenye mdomo wa laguna), ojo de agua (chemchemi), crucero. La mwisho ni njia panda ya barabara 200, na ndilo jina la kumtajia dereva ili akushushe. INEGI, taasisi yao ya takwimu, inatoa bure ramani za kipimo cha 1:50,000 ambazo zina vijiji vidogo na njia za miguu. Pakua ramani kabla ya kutoka hotelini, kwa sababu mtandao hukatika ukiacha barabara kuu. Laini ya Telcel ndiyo inayofika mbali zaidi.

Mfano mmoja hatua kwa hatua: Chacahua. Ni hifadhi ya taifa ya laguna na mikoko tangu 1937, na kijiji chake ni cha watu weusi. Baadhi ya vibanda huiuza kwa bei kubwa, lakini unaweza kwenda mwenyewe. Toka Puerto Escondido saa kumi na mbili asubuhi kwa gari linaloelekea Pinotepa, shuka Río Grande baada ya saa moja hivi, kisha chukua teksi ya pamoja hadi Zapotalito, kwenye gati. Hapo kuna njia mbili. Unaweza kupanda mashua inayopita laguna zote moja kwa moja, kama dakika 45, katikati ya mikoko yenye korongo na mnandi. Au unavuka sehemu fupi kwa mashua ya pamoja, halafu unapanda kamioneta kwenye ukanda wa mchanga hadi kijijini. Ya pili ni nafuu sana, ila kamioneta inasubiri watu, na msimu wa mvua, Juni hadi Oktoba, njia ya mchanga huharibika. Mkiwa wanne au zaidi, kodini mashua na mgawane. Ukiwa peke yako, kaa gatini usubiri familia ya wenyeji. Siku za Jumamosi na Jumapili hazikosekani.

Kijiji kimekatwa na mkondo wa maji. Upande mmoja kuna nyumba, kituo cha kufuga mamba na njia ya kupanda kilima cha mnara wa taa. Ng'ambo kuna ufuko na vibanda vya samaki. Mashua ndogo inavusha kwa peso chache. Panda kilima kabla ya saa nne, maana kivuli ni kidogo na jua la pale halina huruma. Beba lita mbili za maji kwa kila mtu. Chakula cha kuagiza ni tamali ya tichinda: unga wa mahindi uliosongwa na pilipili, ndani yake kome wadogo weusi wa kwenye mikoko, vyote vimefungwa jani na kupikwa kwa mvuke. Kome wanaingizwa pamoja na magamba yao, kwa hiyo usiume kwa nguvu. Unafungua gamba kwa vidole na kunyonya, na unga uliolizunguka umeshakunywa maji yake ya chumvi. Saa nane mchana uwe umegeuza. Alasiri upepo wa bahari huamsha mawimbi lagunani na mashua iliyojaa huingiza maji. Beba mfuko wa plastiki wa simu na pasipoti.

Usiogelee lagunani, kuna mamba. Baharini, uliza kwanza. Fuko za Zicatela na Zipolite zimeua watu kwa sababu ya mikondo inayovuta kutoka ufukweni kwenda kilindini. Ukivutwa, usipigane kurudi moja kwa moja. Ogelea sambamba na ufuko hadi utoke kwenye mkondo. Midomo ya laguna ni ya hatari zaidi wakati wa mvua, pale maji ya mito yanapovunja ukanda wa mchanga na kumwagika baharini kwa kasi. Maji hayohayo ya mvua ndiyo yanayoharibu mng'ao wa Manialtepec, kwani viumbe vidogo vinavyowaka hupungua maji yakichafuka na chumvi ikipungua. Anayetaka kuuona aende nje ya mvua kubwa, usiku usio na mwezi, na asimlipe anayeahidi mng'ao wakati mwezi ni mpevu.

Upande wa mashariki, La Ventanilla, karibu na Mazunte, ni safari ya nusu siku. Wanakijiji wameunda ushirika, wanapiga makasia bila injini katikati ya mikoko waliyoipanda upya baada ya kimbunga Pauline cha 1997 kuing'oa. Fika mapema, kabla ya magari ya watalii.

Sisi tunapenda zaidi Pinotepa de Don Luis, na huko hakuna bahari kabisa. Ni mji wa Wamixteki vilimani, unafikiwa kwa gari la pamoja kutoka Pinotepa Nacional. Wanawake wanafuma posahuanco, kitenge kizito cha kujifunga kiunoni, kwenye mtambo uliofungwa mgongoni. Rangi ya nyuzi zake za zambarau inatoka kwa konokono wa baharini. Kati ya Oktoba na Machi watiaji rangi husafiri hadi miamba ya Huatulco, wanambandua konokono maji yakiwa yamekupwa, wanambonyeza atoe ute juu ya uzi wa pamba, kisha wanamrudisha mwambani kwenye kivuli na unyevu, akiwa hai. Ute huo ni mweupe kama maziwa. Juani unageuka manjano, kijani, mwishowe zambarau. Ukitaka kununua, nusa kitambaa. Zambarau ya kweli hubaki na harufu ya bahari, ya dukani haina. Bei ni kubwa na ni ya haki, usiipiganie sana.

Jambo moja la kuzingatia barabarani. Maofisa wa uhamiaji husimamisha magari kwenye barabara 200 na kuuliza karatasi, na mtu mweusi huulizwa kwanza. Wameksiko weusi wenyewe wamelalamika miaka mingi kwamba wanaambiwa si raia, wengine hata kuamriwa kuimba wimbo wa taifa ili wathibitishe. Inauma, lakini jiandae: pasipoti halisi mfukoni, si nakala, ukurasa wa muhuri umewekwa alama, jina la hoteli limeandikwa. Jibu kwa ufupi na utulivu. Kizuizi kingine ni cha wanavijiji wanaofunga barabara kudai haki zao kwa serikali. Kinaweza kuchukua saa nyingi. Wenyeji hushuka, wanavuka kwa miguu, wanapanda gari lililokwama upande wa pili, wafuate. Usipige picha.

Cuajinicuilapa iko Guerrero, karibu saa moja kutoka Pinotepa Nacional, na ina jumba la makumbusho la tamaduni za watu weusi, pamoja na mfano wa nyumba ya mviringo ya udongo na nyasi waliyokuwa wakijenga zamani. Kutoka Puerto Escondido ni mbali mno kwa siku moja, kwa hiyo lala Pinotepa ukatoke asubuhi. Guerrero ina vikundi vyenye silaha. Asubuhi hiyohiyo waulize madereva wa Pinotepa hali ikoje, safiri mchana tu, na uwe umevuka kurudi Oaxaca kabla ya jua kuzama. Wanaotaka kuona Ngoma ya Mashetani waje kati ya 31 Oktoba na 2 Novemba: vinyago vyenye manyoya ya mkia wa farasi, taya la punda linalokwaruzwa, na ngoma ya kusugua kijiti kilichofungwa kwenye ngozi, ya aina inayojulikana pia Angola na Kongo. Inachezwa pia upande wa Oaxaca, vijiji kama Collantes, ambako unarudi Pinotepa kwa mwendo mfupi. Siku hizo ni za kuwakumbuka wafu: magari ni machache, hoteli za Pinotepa hujaa, na wachezaji huzunguka nyumba kwa nyumba hadi usiku. Kata chumba mapema, na siku hizo tatu patana na teksi moja ya kwenda na kurudi, malipo ya mwisho ukishafika hotelini.