Nilivyoziba donda la ugoko kwa nyama ya shavu la mguu

Ukiwa na donda la ugokoni lisilopona, mtaa mzima unageuka madaktari. Mimi niliambiwa nimwagie unga wa vidonge vya rangi mbili, nipake dawa ya meno au asali, nilioshe kwa mkojo wa asubuhi. Asali sina ugomvi nayo, hata manesi wengine huitumia kwenye vidonda vya juu juu. Ila langu halikuwa la juu juu. Bodaboda ilinigonga Ngamiani, mfupa ukatoka nje, ukaungwa na ukaunga, lakini ngozi iliyoufunika haikurudi tena. Pale juu kidogo ya kifundo hakuna nyama ya maana, ni ngozi na mfupa tu. Ngozi ikishaondoka, unakaa unautazama mfupa wako mwenyewe, umekauka, mchana kweupe. Huo unga wa vidonge uotee wapi?

Kazi yangu ni ushonaji, na cherehani yangu ni ya kukanyaga. Wateja waliuvumilia mguu, harufu hawakuiweza. Nikawa nafukiza udi kibandani, wakaanza kunong'ona kwamba fundi ameingia uganga.

Hospitali ya kwanza walinipandikiza ngozi. Wakachuna ngozi nyembamba pajani, wakaitandaza juu ya donda, wakafunga. Paja liliniuma kuliko donda lenyewe, na hilo hakuna anayekwambia mapema. Siku ya kufungua bandeji, ngozi ikatoka nayo. Ilikuwa imeshika pembeni tu, palipokuwa na nyama nyekundu; juu ya mfupa ilibaki utelezi. Nikaambiwa mwili wangu "umekataa". Shemeji yangu akasema nimelogwa, halafu akapendekeza nikatwe mguu nipumzike, kama vile mguu ni wake. Kumbe sababu ni nyepesi: ngozi ile haiji na mshipa wake. Inaishi kwa kunyonya damu ya pale ilipolazwa, na mfupa uliokwisha vuliwa utando wake hauna cha kunyonywa.

Haya nilielezwa na bingwa wa upasuaji rekebishi kwenye hospitali ya rufaa. Huyo alininusa mimi kabla ya kulinusa donda.

"Fundi, unavuta?"

"Kidogo tu, daktari."

"Hicho kidogo ndicho kinachobana mishipa ninayoitaka. Ukiendelea kuvuta, mimi sikati."

Nikaacha. Msiniulize niliachaje, waulizeni watu wa nyumbani walivyonivumilia. Wakanipima sukari na wingi wa damu, wakapiga picha ya mfupa, wakakata kipande cha ukingo wa donda kwenda maabara, maana donda la miaka mingi linaweza kugeuka kansa ya ngozi. Likaonekana salama. Wakanisafisha theatre kwanza, wakatoa kipande cha mfupa mfu kama ukubwa wa kucha. Hicho kingebaki ndani, usaha usingekoma hata uzibe juu kwa dhahabu.

Sasa nije kwenye ufundi wenyewe: kuziba donda kwa nyama ya shavu la mguu inayokuja na mshipa wake. Daktari alichukua kamashine kadogo, akapaka jeli juu ya kifundo upande wa nje, akawa anasikiliza mshipa: shwa, shwa, shwa. Palipolia akatia alama kwa kalamu. Halafu akachukua karatasi ya kufungia glavu, akaiweka juu ya donda, akaikata kwa umbo lake. Nilicheka kwa sauti. Ile ni patani! Akaipeleka nyuma kwenye shavu la mguu, akaichora, akaongeza kidogo pande zote. Nikamwambia, "Umeacha nafasi ya mshono." Akasema nyama ikikatwa hunywea, asipoongeza haitatosha. Toka hapo nikawa na imani naye, nimeona mafundi wengi wanaokata bila kupima.

Tofauti na kiraka cha nguo, hiki cha nyama hakikatwi chote. Wanaacha mkia wenye mishipa, wanakipindua chini kama ukurasa hadi kifunike donda, damu ikiendelea kupita kwenye mkia. Pale nyuma kilipotoka ndipo wanaweka ngozi ya paja, kwa kuwa pana nyama nyekundu ya kuilisha. Nilichomwa sindano ya mgongo, nikalazwa kifudifudi, nikawa nasikia mikasi bila maumivu.

Usiku wake ndipo moyo uliponitoka. Sista alikuwa anapita kila baada ya muda, anabonyeza nyama kwa kidole, anatazama weupe unavyorudi kuwa wekundu. Safari moja akabonyeza, akanyamaza. Nyama ilikuwa ya zambarau, imevimba. Akachoma na sindano, ikatoka damu nyeusi, nzito. Damu inaingia, kutoka haitoki. Akaita daktari, wakalegeza bandeji, wakakata nyuzi mbili tatu, wakaunyanyua mguu. Kufikia alfajiri rangi imerudi. Ncha kidogo ilikufa baadaye, wakaipunguza, ikapona kwa kusafishwa tu.

Tatizo lilikuwa mto. Ukilala chali, shavu la mguu linaukalia ule mkia, na mkia ukibanwa nyama inakufa. Mito ya wodini ukiilalia inabonyea, unaamka mguu uko chini. Nikampigia mama watoto aniletee kigoda cha jikoni na khanga kuukuu. Wodi nzima ikajua nimechanganyikiwa. Nikakipindua kigoda miguu juu, nikachana khanga utepe mpana, nikaufunga kutoka mguu hadi mguu, nikalaza kisigino humo. Chini ya paja nikaweka mto mmoja. Katikati, kuanzia goti hadi kisigino, hewa tupu. Nikitaka mguu upande, nakaza fundo. Sista aliingiza mkono wake chini, ukapita bila kugusa kitu, akaenda kuwaita wenzake. Nilipotoka, kigoda kilibaki kwa jirani wa kitanda. Lakini muulize sista kabla hujaiga, nyama ya kila mtu imepindiwa upande wake.

Chakula nacho ni dawa: mayai, dagaa, maharage, bila kuhurumia. Fedha? Operesheni bima ilibeba sehemu kubwa. Kilichonimaliza ni bandeji, nauli na mayai. Na usiruke kitandani siku ya kwanza ukiruhusiwa kushusha mguu. Unaushusha dakika chache, unaurudisha juu, kesho unaongeza. Mimi nilipoushusha mara ya kwanza ulijaa damu ukapiga ngoma, nikaurudisha mwenyewe bila kuambiwa.

Leo nakanyaga cherehani. Ukingo wa nje wa wayo hauhisi kitu, kwani mshipa wa fahamu ulisafiri na nyama. Huwa naangalia kiatu kama kina changarawe kabla ya kuvaa. Kifundoni nimeota vinyweleo vya shavu la mguu, watoto wanavicheka. Ule mkia nao umeacha nundu, soksi haikai. Daktari anasema anaweza kuipunguza. Nimemwambia asubiri, nina sare za shule mezani na Januari haimngoji mtu.