Kutoka Nansio na Chupa ya Uji

Usiku wa kuamkia safari nililala nimekaa, kama ninavyolala tangu mwaka juzi: mito mitatu mgongoni, beseni pembeni. Nikilala chali, chakula cha jioni hurudi chenyewe hadi kooni, nami huamka nikikohoa kama niliyepaliwa na maji ya ziwa.

Kutoka Ukerewe kwenda Mwanza unaweza kuvuka kwa kivuko cha Rugezi hadi Kisorya ukapanda basi linalozunguka kupitia Bunda, au ukangoja meli Nansio na kukaa majini zaidi ya saa tatu. Nilichagua meli. Kwenye basi ukitapika kila mtu anakugeukia. Melini unasogea ukingoni, na ziwa halina maneno.

Nilibeba barua ya rufaa, picha zangu kwenye bahasha ya kaki, na chupa ya chai yenye uji mwepesi wa ulezi. Uji lazima uwe wa moto. Ukipoa tu, njia inajifunga.

Tulikaa katikati ya magunia ya mihogo na machungwa. Mama mmoja jirani yangu alifungua hotipoti: ugali wa udaga, sangara wa kukaanga.

"Karibu mwanangu."

"Asante mama, nimeshiba."

Akaniangalia viganja, akapanda na mikono hadi shingoni. "Umeshiba nini wewe?"

Huo ndio mtihani wangu wa kila siku, kuliko hata maumivu ya kifua. Kwetu kukataa chakula ni kumkataa mwenye chakula, na ugali wa udaga unavyonata, tonge moja tu lingenipeleka ukingoni. Nikaamua kusema ukweli. "Chakula hakishuki, mama."

Akapunguza sauti. "Kansa?"

"Hapana. Unaitwa akalasia." Nikamweleza kwamba umio una mlango pale unapoingia tumboni, na mtu akimeza, mishipa ya fahamu huuamuru ufunguke. Yangu imekufa, na sababu haijulikani kwa hakika. Mlango umebaki umekaza, na umio wenyewe umeacha kusukuma.

Alitafuna taratibu. "Kwa hiyo unapiga hodi hakuna mtu."

Miaka miwili naueleza ugonjwa huu, na sijawahi kuueleza vizuri hivyo.

Mwaka mzima nilikuwa nimemeza dawa za vidonda vya tumbo. Aliyenipa simlaumu sana. Ugonjwa huu kila mwaka hugundulika kwa mtu mmoja hivi kati ya laki moja, na kiungulia chake ni kama cha yeyote. Kilo zangu zilikuwa 68, zikafika 51, ndipo nikanyweshwa dawa nyeupe nzito kama chokaa na kupigwa picha. Umio ulionekana umetanuka kama mfuko, na chini umechongoka ghafla. "Mdomo wa ndege," ndivyo madaktari wanavyouita mchongoko huo.

Nilikumbuka maneno hayo tulipokaribia Mwanza. Mawe yale makubwa yaliyobebana yakatokea, na juu yake minandi wamekunjua mabawa wakijianika. Mnandi humeza samaki mzima, kichwa kikitangulia. Nikamwonea wivu ndege.

Bodaboda akanipandisha kilima cha Bugando. Foleni siisimulii, kila aliyewahi kukaa kwenye benchi la hospitali anaijua.

Daktari wa upasuaji alizitazama picha muda mrefu. Mlango unaweza kutanuliwa kwa puto, akasema, ila lina hatari ya kuchana umio, na kwa wanaume vijana mara nyingi halidumu. Nina miaka 34. Sikumbuki lini mara ya mwisho ujana ulinitia hasara. Njia ya pili ni kuukata msuli wa mlango, upasuaji ambao Mjerumani Ernst Heller aliufanya mara ya kwanza mwaka 1913. Kisha kipande cha tumbo huvutwa na kushonewa juu ya palipokatwa, asidi isipande.

"Halafu nitameza kama zamani?"

"Mishipa haifufuki. Tunafungua mlango tu, chakula kishuke kwa uzito wake."

"Basi nifungulie, daktari."

"Sijasema ndiyo. Nimesema labda." Akaonyesha mzani. Nilikuwa dhaifu mno kwa kisu. Niongeze kilo, nirudi baada ya wiki sita, halafu wakae wenzake waamue pamoja.

Niliuliza kilo zinapitaje kwenye mlango uliofungwa. Alicheka, kisha akaacha kucheka, akaniandikia: uji wa karanga, maziwa, kidogo kidogo, mara nyingi, vya moto.

Nilipofika bandarini meli ilikuwa imeshaondoka. Nikaingia kwa mama ntilie.

"Supu ya sato. Ya moto sana. Samaki mtoe."

"Nimtoe nimpeleke wapi?"

"Mpe mwingine."

Alinitazama kama mtu anayepima chenji. "Bei ni ile ile, kaka."

Nilikunywa nimesimama, maana nikisimama hushuka afadhali. Bakuli moja lilinichukua karibu nusu saa. Halikurudi. Nikaagiza la pili.