Jubilei ya shule: anzeni na orodha ya majina

Jubilei ya sekondari ya Kikatoliki huanza kuharibika kwenye orodha ya wahitimu, miezi mingi kabla ya misa. Chukua shule ya Pugu, Dar es Salaam: Nyerere alifundisha pale hadi 1955 ikiitwa St. Francis' College, baadaye serikali ikataifisha shule za misheni. Ukitafuta kwa jina la sasa tu, wazee waliosoma enzi za jina la zamani huwapati. Andikeni mwaka wa kumaliza, bweni, hata jina la utani (ndilo wenzake wanalokumbuka). Shule za wasichana, ongezeni jina alilotumia kabla ya kuolewa.

Michango iingie akaunti yenye watia saini watatu. Namba ya simu ya mtu mmoja huzaa ugomvi. Askofu mwandikieni mapema, kalenda yake hujaa vipaimara. Na epukeni Kwaresima: Ijumaa hakuna nyama.