Zima hicho, mimi nipo

Jumapili usiku

Jana kwenye mazoezi hatukumaliza hata wimbo mmoja. Muda uliliwa na ubishi wa pedali, vile visanduku vya kukanyaga vinavyobadilisha mlio wa gitaa, na kwa kuwa leo bado unanizunguka kichwani, bora niuandike nikalale.

Kwanza nani ni nani, maana wasomaji wapya mmeniuliza. Tuko wanne na kila mtu ana kazi yake nyingine. Mzee wetu alipiga gitaa la rhythm kwenye bendi za dansi za Dar es Salaam enzi zile bendi zikimilikiwa na mashirika na jumuiya. Sasa ni mstaafu, anafuga kuku. Wa pili ni kijana fundi simu mwenye meza Kariakoo, roho yake iko kwenye roki. Wa tatu anapiga kanisani kwao kila Jumapili, na anadai kwetu anakuja kupumzika. Wa nne ni mimi, karani, nakaa chumba na sebule na napiga kwa hedifoni ili majirani waendelee kunisalimia. Besi tunapokezana. Dramu ni programu ya kwenye simu, na mzee anaivumilia tu.

Jana fundi simu alikuja na Boss DS-1 ya mtumba, ile ya rangi ya chungwa. Pedali hii ilianza kutengenezwa Japani mwaka 1978, mwaka uleule bendi ya Mlimani Park walipoanza kazi. Mambo hayo mawili hayahusiani hata kidogo, sadfa tu imenifurahisha. Kijana akaichomeka, akazungusha kitufe cha distoshoni, yaani cha kukwaruza sauti, mpaka mwisho, tukaanza wimbo. Tulipofika kwenye sebene, pale magitaa yanapouchukua wimbo, akaingia na noti zake mbilimbili kama alivyofundishwa, na kilichotoka kwenye amplifaya kilikuwa matope. Mzee akasimamisha nyuzi kwa kiganja.

"Mwanangu, hiyo spika imechanika lini?"

"Mzee, ndivyo inavyotakiwa kulia."

"Nani anaitaka?"

Tulicheka sana. Lakini bila kujua mzee alikuwa amesimulia historia yenyewe. Mlio huu ulizaliwa kwenye ubovu. Huko Nashville, mpiga gitaa Grady Martin alikuwa anarekodi besi ya nyuzi sita kwenye wimbo wa mwimbaji Marty Robbins uliotoka mwaka 1961, na njia aliyochomekwa kwenye meza ya studio ikawa mbovu. Besi ikatoka inakoroma. Wakaiacha hivyohivyo kwenye rekodi. Fundi mitambo, Glenn Snoddy, akatafuta namna ya kuutengeneza ubovu ule makusudi kwa transista, na mwaka 1962 kikaingia sokoni kisanduku cha Maestro Fuzz-Tone. Kwa hiyo swali la spika iliyochanika ni la haki kabisa.

Kilichonikesha lakini ni swali lake la pili. Nani anaitaka? Mbona mlio ambao kwa fundi simu ni raha ya moyo, kwa mzee ni ajali? Jibu la haraka ni kwamba huyu mzee na yule kijana, kila mtu na enzi zake. Siliamini jibu hilo. Nimekaa na kikokotoo jioni hii na naona sababu iko ndani ya noti zenyewe.

Nusu ya utamu wa sebene uko kwenye noti mbili zinazotembea pamoja, zikiachana kwa tatu au kwa sita, ukihesabu ngazi za do-re-mi kuanzia ile ya chini. Pedali ya distoshoni ikipokea noti mbili kwa wakati mmoja haikwaruzi kila moja kivyake. Inazizalisha. Zinatoka noti nyingine ambazo hakuna aliyezipiga, na mojawapo ni ile unayoipata ukitoa namba ya noti ya chini kwenye namba ya noti ya juu. Chukua A yenye mitetemo 220 kwa sekunde, na E iliyo juu yake, yaani tano yake, 329.6. Ukitoa unapata 109.6, na A iliyo chini ni 110. Zimekutana. Ndiyo maana watu wa roki wanapenda kupiga mbili hizo pamoja: pedali inawaongezea besi ya bure, na iko kwenye tyuni.

Sasa ichukue A hiyohiyo na C shapu, yaani ile tatu ya sebene. C shapu kwenye freti, vile vyuma vya shingo ya gitaa, ni 277.2. Toa, unapata 57.2. A ya huko chini ni 55, na A shapu ni 58.3. Noti yako mpya si hii wala si ile, inanguruma chini ya wimbo ikiwa imetoka nje ya tyuni, na mpigaji wala hajakosea kitu. Tatu safi ingekuwa 275 kamili, lakini freti zinatakiwa zihudumie funguo zote, kwa hiyo tatu zote za namna hii zimepanuliwa kidogo. Gitaa likiwa na mlio safi sikio linasamehe hilo. Distoshoni haisamehi.

Ndiyo kusema mtu aliyekulia kwenye tatu na sita ataisikia pedali ya chungwa kama uharibifu, na atakuwa sahihi. Aliyekulia kwenye tano ataisikia kama nguvu, naye ni sahihi. Nimefurahi kuliona hili kwa namba, maana miaka yote tumekuwa tukiitana washamba.

Halafu kuna suala la idadi ya watu. Bendi aliyokulia mzee ilikuwa na gitaa la solo, solo la pili, rhythm na besi, na juu yake tarumbeta na saksafoni. Ukisikiliza rekodi za Radio Tanzania za miaka ile, Juwata au Mlimani Park, kila gitaa lina kichochoro chake na hakuna anayepita cha mwenzake. Rhythm anakata katikati, solo la pili linajibu pale solo linapovuta pumzi. Mlio safi pale una kazi maalumu: unakufa haraka ili mwingine asikike. Distoshoni inafanya kinyume. Inaibana noti, inairefusha, inajaza kila upenyo. Jimi Hendrix alipoanzisha bendi yake London mwaka 1966 walikuwa watatu tu, gitaa, besi na dramu, na Fuzz Face, pedali nyingine ya kukwaruza, ilitoka mwaka huohuo. Watu watatu wenye ukumbi mzima wa kujaza wanahitaji gitaa lisilonyamaza. Watu kumi wakipiga namna ile ni fujo.

Msidhani lakini kwamba mzee anachukia pedali. Ndiye pekee kati yetu aliyewahi kuishi na moja mpaka rangi ikabanduka: korasi ya buluu, bado anayo, na hamwazimi mtu. Ndani ya korasi za zamani mna chipu ambayo sauti inapita kwa kupokezana hatua kwa hatua, kama watu waliojipanga kupeana ndoo za maji kuelekea kwenye moto. Nakala ya gitaa inachelewa milisekunde chache tu, na ule ucheleweshaji wenyewe unapanda na kushuka taratibu, kwa hiyo nakala inakuwa juu kidogo ya tyuni, kisha chini kidogo. Ukiichanganya na gitaa lenyewe unasikia wapigaji wawili. Roland waliiweka kwanza ndani ya amplifaya yao ya JC-120 mwaka 1975, mwaka uliofuata wakaitoa kama kisanduku peke yake, CE-1, pedali ya kwanza kubeba jina la Boss. Wakongo waliokuwa wanarekodi Paris miaka ya 1980, kina Diblo Dibala, walituzoesha mlio mwororo wa namna hiyo kiasi kwamba wengi wetu tunadhani ndio mlio wa gitaa lenyewe. Haugusi tatu wala sita. Unaongeza mtu, basi.

Hapo kwenye kuongeza mtu ndipo nilipoanza kuelewa kilichotokea jana baadaye.

Yule wa kanisani ana dilei. Ameitega mwangwi wake urudi baada ya robo tatu ya pigo. Wimbo ukienda mapigo 120 kwa dakika, pigo moja ni milisekunde 500 na mwangwi unarudi kwa 375. Unapiga noti nyepesi nyepesi, mwangwi unaangukia katikati, na chumba kinajaa kana kwamba mmeketi wapigaji wawili hodari. The Edge wa U2 ndiye aliyeusambaza mtindo huu duniani, na nyimbo za kuabudu za siku hizi zikauchukua mzimamzima. Kanisani kwao unafanya kazi nzuri sana, nimewahi kwenda, ukisikiliza umefumba macho unaweza kulia. Pale yuko peke yake na mpiga kinanda anayeshikilia noti kadhaa pamoja kwa muda mrefu. Dilei ndiyo gitaa lake la pili.

Jana akaiwasha kwenye wimbo wa dansi. Kila penye nafasi, mwangwi ukaingia. Nafasi zile ndizo anazokaa mzee. Tulikwenda mistari kadhaa, mzee akaacha kupiga, akanyoosha kidole kwenye kile kisanduku.

"Zima hicho. Mimi nipo."

Hakusema kwa hasira. Yule wa kanisani akasema, "Samahani baba," akazima, na mzee akaingia na rhythm yake kavu palepale mwangwi ulipokuwa. Nadhani sote tuliona aibu kidogo, hata ambao hatukuwa na pedali miguuni.

Nimejitazama na mimi. Nyumbani nina lupa: narekodi rhythm, nairudisha izunguke, napiga solo juu yake. Wikiendi iliyopita niliwekelea magitaa manne peke yangu sebuleni, mimi mwenyewe ndiye bendi nzima, hakuna aliyechelewa, hakuna aliyeniambia napiga kwa sauti kubwa. Ilinoga. Ila lupa haiwezi kufanya kitu kimoja ambacho mzee anakifanya bila kufikiri, kupunguza mkono pale inaposikia nimepotea. Nashuku sisi wa kujifurahisha tunanunua visanduku hivi kwa wingi kwa sababu saa zetu za kupiga ni zile watu wengine wamelala. Mwenye bendi hana haja ya riverbu, ule mvumo kama wa ukumbi mtupu, ya dakika nzima. (Na hapa niseme wazi upendeleo wangu: riverbu nyingi juu ya sebene ni dhambi. Mengine yote naweza kujadiliana.)

Mambo ya bei nisiyapigie kelele. Za Kichina zimetusaidia, nyingi ni saketi zilezile za zamani ndani ya bati jipya. Mnaoanza, tazameni tu adapta: pedali nyingi ni volti 9 na hasi iko katikati, kinyume na adapta nyingi za vifaa vya nyumbani. Ukigeuza unaweza kuunguza saketi. Na adapta ya bei rahisi italeta ile mmmm isiyokwisha ambayo watu wanamsingizia fundi wa gitaa.

Turudi kwa fundi simu, maana alikuwa amekaa pembeni na DS-1 yake kama aliyefukuzwa shule. Mzee alimwonea huruma. Akamuuliza, "Noti moja moja inaliaje?" Kijana akapiga mstari wa noti moja moja, chini, distoshoni imepunguzwa hadi robo. Mzee akainamisha kichwa. Akamwimbia kipande: paa-pa-pa, paa. Ni kipande cha matarumbeta, cha ule wimbo wetu ambao siku zote tunauruka hapo kwa sababu hatuna mpuliza tarumbeta. Kijana akakipiga. Noti moja haina mwenzake wa kuzaa naye uchafu, kwa hiyo ilitoka imara, na ukali wake ulikuwa ule wa shaba hasa.

Baadaye nikakumbuka kwamba Maestro walipoitangaza ile Fuzz-Tone yao walisema italifanya gitaa lilie mithili ya tarumbeta na tuba. Watu hawakununua sana. Keith Richards naye alipoipiga kwenye wimbo uliowapaisha Rolling Stones mwaka 1965 aliichukulia kuwa rasimu tu, akikusudia wapuliza vyombo waje kuipiga sawasawa. Rasimu ikatoka redioni, na visanduku vikaisha madukani. Miaka zaidi ya sitini baadaye, mzee mfuga kuku amefika hapohapo kwa sikio lake mwenyewe.

Tatizo ni kwamba matarumbeta ya dansi huwa mawili, moja juu ya jingine kwa tatu. Fundi simu akitaka kupiga zote mbili kwenye gitaa lake, tunarudi kwenye 57.2. Njia ipo: wapige watu wawili, kila mmoja na distoshoni yake na amplifaya yake, noti zikutane hewani zikiwa zimeshakwaruzwa kila moja peke yake. Hazizai kitu. Nimemwandikia yule wa kanisani usiku huu kumweleza, akajibu kwamba yuko tayari kuwa tarumbeta la pili, ila hana distoshoni na mama mchungaji hatakiwi kujua.

Mimi nimesema nitatafuta amplifaya ya pili. Mzee ametuma ujumbe wa sauti, kuku wanasikika nyuma yake, anaimba ile sehemu ya chini na kutuagiza tuijue kabla ya Jumamosi.