Syrah ya Nchi za Baridi na Vitu Ambavyo Joto Huvichukua

Wageni wengi wanaoagiza Syrah, mvinyo mwekundu wa zabibu yenye jina hilohilo, katika hoteli ninayofanyia kazi hapa Mtwara hutarajia mvinyo mzito, wenye harufu ya jamu na alkoholi inayochoma koo, kwa sababu ndivyo walivyouzoea kutoka sehemu zenye jua kali. Wanapomiminiwa Syrah ya kaskazini mwa bonde la mto Rhône nchini Ufaransa, wakakuta mvinyo mwepesi zaidi, wenye uchachu unaoleta mate mdomoni na harufu iliyo wazi ya pilipili manga, baadhi yao huuliza kama zabibu zake zilivunwa mbichi. Swali hilo ni la haki na linastahili jibu refu. Mimi ninaamini kwamba Syrah huonyesha tabia yake kamili pale inapokomaa polepole, na kwamba baridi haiipi zabibu kitu chochote kutoka nje: huipa muda, na huzuia joto lisichukue vilivyokwisha kutengenezwa ndani ya tunda.

Ni lazima kwanza tuelewane juu ya baridi yenyewe, maana mtu wa pwani yetu anaposikia nchi za baridi hufikiria theluji. Wataalamu wa mizabibu huangalia wastani wa joto wa msimu wa kukua, yaani takribani miezi saba tangu machipukizi yatokeze hadi mavuno. Mahali penye wastani wa nyuzi 15 hadi 17 za Selsiasi huhesabiwa kuwa pa kadiri, na panapopita nyuzi 19 huitwa pa joto kali. Mtwara ina wastani unaokaribia nyuzi 26 kwa mwaka mzima. Kwa kipimo chetu, basi, hata Barossa Valley ya Australia, inayotajwa kila mara kuwa makao ya Syrah ya joto, ingeonekana kuwa mahali pa kuvaa sweta jioni. Syrah yenyewe haivumilii baridi kali. Inachohitaji ni majira ya joto ya wastani, usiku unaopoa, na mwisho wa msimu usio na haraka.

Zabibu inapoanza kubadilika rangi, mambo kadhaa hutokea kwa pamoja, na kila moja lina mwendo wake. Sukari hupanda, na sukari ndiyo itakayogeuka kuwa alkoholi. Asidi ya maliki, mojawapo ya asidi mbili kuu zinazoleta uchachu, hupungua, kwa sababu tunda huitumia katika kupumua, na kadiri joto linavyozidi ndivyo upumuaji huo unavyokwenda mbio; ile ya pili, asidi ya tartariki, hubaki imara zaidi. Rangi ya ganda, inayotokana na anthosiani, hutengenezwa vizuri katika joto la kadiri, lakini joto la karibu nyuzi 35 huidumaza. Tanini, yaani viini vinavyoleta ukakasi mdomoni, na viini vya harufu navyo huhitaji wiki nyingi ili vikamilike. Mahali pa joto, sukari huyatangulia mambo mengine yote, na mkulima hujikuta akichagua kati ya kuvuna mapema kabla ganda na mbegu hazijakomaa, au kungoja huku alkoholi ikielekea asilimia 15 na uchachu ukitoweka. Mahali pa baridi ya kadiri, mwendo wa sukari na ule wa ganda hukaribiana, hivyo tunda linaweza kukomaa kikamilifu likiwa na sukari ya kutoa alkoholi ya asilimia 12.5 au 13 tu. Ndiyo maana jibu langu kwa mgeni aliyeuliza ni kwamba zabibu zile hazikuwa mbichi hata kidogo.

Sasa nije kwenye pilipili manga, jambo linalonivutia kuliko yote. Harufu hiyo si sifa ya kubuniwa na wauza mvinyo. Mwaka 2008 watafiti wa taasisi ya utafiti wa mvinyo ya Australia walitangaza kwamba wamekipata kiini kinachoileta, kiitwacho rotundoni, na wakakuta kwamba ni kilekile kinachoipa pilipili manga harufu yake. Mtu mwenye pua ya kawaida hukitambua katika mvinyo mwekundu kikiwa nanogramu 16 tu kwa lita, kiasi kidogo mno kisichoweza kuwazika kwa urahisi. Kiini hicho kilikuwa kimekwisha kutambuliwa miaka ya 1960 katika viazi vidogo vya ndago, gugu lilelile ambalo wakulima wa huku kusini hulipalia kila msimu bila kulimaliza. Nilipojua hilo nilifurahi sana, kwa sababu lilionyesha kwamba harufu ninayoieleza mezani kwa Kiswahili ina asili inayofahamika katika jikoni na mashamba yetu.

Rotundoni hukaa kwenye ganda la zabibu na huongezeka hasa katika wiki za mwisho kabla ya mavuno. Uchunguzi uliofanywa katika shamba la Mount Langi Ghiran, jimbo la Victoria, ulionyesha kwamba vichala vilivyo kivulini hubeba kiini hiki kwa wingi kuliko vichala vinavyopigwa na jua, na kwamba joto la tunda linapozidi nyuzi 25 kwa muda mrefu, kiasi chake hupungua. Hata ndani ya shamba moja, mteremko usioelekea jua la mchana unaweza kutoa mvinyo wenye pilipili zaidi kuliko mteremko wa jirani. Kuna jambo jingine ambalo kila mhudumu wa mvinyo anapaswa kulijua: katika utafiti wa mwaka 2008, karibu mtu mmoja kati ya watano hakuweza kunusa rotundoni hata ilipowekwa kwa wingi sana. Wageni wawili wanapobishana mezani, mmoja akisema mvinyo una pilipili na mwingine akikana, huenda wote wawili wanasema kweli.

Ubaridi huu una vyanzo vingi, na ni kosa kuangalia latitudo peke yake. Kule Rhône, mashamba ya Côte-Rôtie na Hermitage yako karibu na latitudo ya nyuzi 45 kaskazini, ambako Syrah inakaribia mpaka wa uwezo wake wa kuiva. Ndiyo maana yalipandwa kwenye miteremko mikali inayoelekea kusini ili yanase jua lote linalopatikana, huku upepo wa mistrali ukikausha majani na kupoza hewa. New Zealand, katika eneo la Gimblett Gravels huko Hawke's Bay, mizabibu imesimama juu ya kokoto zilizofunuliwa na mafuriko ya mto Ngaruroro ya mwaka 1867, na kokoto hizo huhifadhi joto linaloisaidia Syrah kuiva katika nchi ambayo vinginevyo ingekuwa ya baridi mno kwake. Chile ina bonde la San Antonio lililo karibu na bahari inayopozwa na mkondo wa Humboldt, wakati pwani yetu hupigwa na mkondo wa maji ya vuguvugu utokao upande wa mashariki wa Bahari ya Hindi. Mwinuko nao una nguvu yake: mtu akitoka Mtwara mjini akapanda hadi Newala, juu ya uwanda wa Makonde, huona jinsi hewa ya jioni inavyobadilika ingawa hajasogea sana kwenye latitudo.

Sipendi kuisifia baridi kupita kiasi. Ikizidi, Syrah hubaki na harufu ya majani mabichi, pilipili hufunika tunda, na tanini huacha ule ukakasi ambao mtu yeyote wa Mtwara au Lindi anaujua kutokana na kung'ata bibo ambalo halijaiva. Mtengenezaji asiye mwangalifu huongeza tatizo hilo anapochachusha vichala vizima pamoja na vikonyo vyake. Vikonyo vilivyokauka vizuri huleta harufu nzuri ya viungo, lakini vikiwa vibichi huleta uchungu. Mapipa mapya ya mwaloni pia yanaweza kuificha kazi yote ya hali ya hewa chini ya harufu ya vanila, na hilo kwangu ni hasara ya kusikitisha zaidi kuliko mvinyo mwepesi.

Anayetaka ushahidi kwamba ni hali ya hewa inayotenda haya, aulinganishe mwaka na mwaka katika kilima kilekile. Mwaka 2003 Ulaya ilikumbwa na joto kubwa la kiangazi, na huko Rhône mavuno yalianza mwezi Agosti, mapema kuliko kawaida. Mvinyo wake ni mnene, wenye matunda yaliyoiva kupindukia na uchachu mdogo. Mwaka 2021 ulianza kwa jalidi ya Aprili iliyounguza machipukizi sehemu nyingi za Ufaransa, kisha ukafuata msimu wa ubaridi na mvua. Mvinyo wake ni mwembamba zaidi, wenye alkoholi ya chini, maua na pilipili tele. Udongo haukubadilika.

Syrah hupandwa pia hapa nchini, Dodoma, ambako mwinuko wa takribani mita 1,100 huupoza usiku, lakini mzabibu haupati majira ya baridi ya kuulaza, na huweza kuvunwa mara mbili kwa mwaka. Ni kazi ngumu inayostahili heshima, na mvinyo wake una sifa zake. Usipimwe kwa kutafuta pilipili ya Rhône ndani yake.

Kwa sisi tunaomimina mvinyo kwenye joto la Mtwara, jukumu lililobaki ni kutoiharibu kazi hiyo katika dakika za mwisho. Desturi ya kuandaa mvinyo mwekundu katika joto la chumba ilitoka kwenye nyumba za Ulaya zilizokuwa na baridi, wala haikukusudiwa chumba chenye nyuzi 30. Katika joto hilo alkoholi hupanda puani kabla ya kitu kingine chochote, na Syrah iliyokomaa polepole kwa miezi hunukia kama ile ya jua kali. Mimi huiweka chupa kwenye friji, nikaitoa inapofika nyuzi 15 au 16, na kumimina kidogo kidogo ili isipate joto ndani ya bilauri. Ikiambatana na pweza wa kuchoma aliyenyunyiziwa ndimu na pilipili manga, haihitaji maelezo mengi kutoka kwangu.