Kuraka wa Potosí na jumbe wa Umatumbi

Nafundisha historia hapa Mbagala, na swali ambalo wanafunzi hawachoki kuniuliza ni hili: Wahispania wachache vile waliwezaje kuwashurutisha maelfu ya watu kushuka migodini? Mimi huanza na kuraka.

Kuraka alikuwa mkuu wa jadi kwenye milima ya Andes, Amerika Kusini. Enzi za Inka, watawala wa huko kabla ya Wahispania, watu walifanya kazi za dola kwa zamu, na dola iliwalisha. Mwaka 1573 mtawala wa Kihispania, Francisco de Toledo, akaichukua zamu hiyohiyo akaielekeza Potosí, kwenye mlima wa madini ya fedha. Kila mwaka wanaume wapatao 13,500, takriban mmoja kati ya saba, kutoka wilaya 16. Waliotoka Chucuito, kando ya ziwa Titicaca, walitembea karibu miezi miwili na wake zao, watoto, na llama waliobeba chakula.

Mzigo wa hesabu ulimwangukia kuraka. Watu wakipungua, alipe fedha za kukodi vibarua wa kuziba pengo. Na wenye migodi wengi walizitia mfukoni, wasikodi mtu. Hilo linanichoma kuliko yote. Vijiji vilipukutika kwa maradhi, vijana wakatorokea wilaya nyingine ambako mgeni hakudaiwa zamu, na bado kuraka alidaiwa watu ambao hakuwa nao tena. Uonevu huo ulifutwa kisheria mwaka 1812 tu.

Bibi yangu mzaa baba alikuwa mtu wa Kibata, Umatumbi. Akisimulia pamba ya Mjerumani, Mjerumani mwenyewe hakumtaja sana. Alimtaja jumbe, aliyeamriwa kupeleka watu shambani huku akida, msimamizi aliyewekwa na Wajerumani, akisubiri na kiboko. Jumbe wao, alisema, aliingia kulima na wanawe kufidia waliokimbia. Julai 1905, pale Nandete, watu waliing'oa ile pamba.

Wanafunzi wangu hupenda kusema wote hao walikuwa vibaraka. Wapo waliokuwa hivyo, waliopokea rushwa na kuwatwisha wanyonge zamu za wenye nacho, nao siwatetei. Lakini kuraka aliyeuza mali yake ili asipeleke watu wa kijiji chake mgodini simweki kundi hilo, na mwanafunzi anayewachanganya namrudishia karatasi aandike upya.