Nguruwe Aitwaye Butadon

Ukiwauliza wapenzi wa anime, zile filamu za katuni za Kijapani, wakutajie kazi inayoanza kitoto halafu ikakubadilikia mkononi, wengi watakutajia Madoka Magica ya mwaka 2011. Wasichana wa shule, magauni ya kupendeza, kiumbe cheupe kinachomwahidi kila mmoja kumtimizia ombi lake. Ikifika sehemu ya tatu unakaa wima kitini. Naipenda, na nimewapa watu wengi waiangalie. Ila kadiri ninavyofuatilia mijadala yetu ndivyo ninavyoona tumejizoesha kuita kina kila penye giza. Mhusika mpendwa akifa vibaya, hadithi ina kina. Dunia yake ikiwa imeoza, hadithi ina kina. Usiku huu nataka kuandika kuhusu kazi ambayo haikuacha kuchekesha tangu mwanzo hadi mwisho, na ambayo kwangu imechimba kuliko zote nilizowahi kuangalia: Silver Spoon, kwa Kijapani Gin no Saji, manga (hadithi ya picha za kuchorwa) ya Hiromu Arakawa iliyotengenezwa pia kuwa anime. Nitataja yanayotokea, kwa hiyo kama hupendi kuambiwa, kaiangalie kwanza.

Arakawa wengi wenu mnamjua kwa Fullmetal Alchemist, manga yake ya awali. Kanuni kuu ya kazi ile ni kwamba ukitaka kupata kitu, sharti utoe kitu chenye thamani sawa. Watu wameijengea kanuni hiyo falsafa ndefu, lakini mwenyewe ameeleza kwamba wazo lilitokana na kuwaona wazazi wake wakihangaika na shamba lao kule Hokkaido, kisiwa cha kaskazini mwa Japani, ili familia ipate kula. Alizaliwa mwaka 1973 katika nyumba ya wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, akasoma sekondari ya kilimo, akafanya kazi kwao kwa miaka kadhaa ndipo akaenda Tokyo kuutafuta uchoraji. Mpaka leo akijichora, hujichora kama ng'ombe aliyevaa miwani. Fullmetal ilikwisha mwaka 2010, na mwaka uliofuata akaanza Silver Spoon katika jarida la Weekly Shonen Sunday. Iliendelea mpaka 2019, vitabu 15. Baada ya vita na majeshi, akarudi bandani.

Hadithi yenyewe ukiisimulia haraka haimvutii mtu. Yuugo Hachiken, kijana wa mjini Sapporo, amechoshwa na mashindano ya shule na baba asiyeridhika na chochote, hivyo anachagua sekondari ya kilimo kwa sababu ina bweni na iko mbali na nyumbani. Wenzake wote ni watoto wa wakulima na wafugaji, yeye hajui hata yai linatokea wapi kwenye kuku. Siku anapoliona anashtuka, anasema hali tena mayai, kisha anaonjeshwa yai bichi juu ya wali wa moto na kushindwa kuliacha. Kauli mbiu ya shule ina mambo matatu: kazi, ushirikiano, na mambo yasiyo ya haki. Hilo la tatu limewekwa pale kama kichekesho na unalicheka. Ukishafika katikati ya hadithi unalikumbuka, na hulicheki tena.

Kwanza kuna nguruwe. Watoto wa nguruwe wakizaliwa hugombania chuchu, na za mbele ndizo zenye maziwa mengi. Kila mmoja akishapata yake haachii. Aliyeshindwa anabaki na chuchu ya nyuma na anadumaa. Hachiken, ambaye ameikimbia shule ya namna hiyohiyo, moyo wake unamwangukia huyo aliyedumaa. Wenzake wanamwonya asimpe jina mnyama wa nyama. Anampa, na jina lenyewe ni la chakula: Butadon, bakuli la wali lililofunikwa nyama ya nguruwe. Anamlisha, anamfuatilia uzito, na muda wote anajua tarehe inakuja, kwa sababu nguruwe wa nyama hahitaji hata mwaka kufika machinjioni.

Hapo ndipo nilipoanza kumheshimu Arakawa kwa namna ya pekee. Waandishi wengi wangemtoa Butadon usiku kwa siri, au wangemfanya kijana aape kutokula nyama maisha yake yote. Hachiken anachukua mshahara alioupata kwa kufanya kazi likizo nzima kwenye shamba la wazazi wa Aki Mikage, msichana anayesoma naye, na kwa pesa hiyo anainunua nyama ya Butadon, yote. Anaikausha kwa moshi iwe bekoni, anaigawa, anaila pamoja na wenzake. Ni tamu, na utamu wenyewe ndio unaomvuruga. Shule nayo inawaonyesha video ya machinjioni na kuwaambia asiyetaka atoke. Yeye anabaki na kuangalia. Hapati jibu, na hadithi haimlazimishi alipate. Ile bekoni imekwisha kuliwa, na swali bado lipo.

Kwetu Rungwe, ndama jike alipewa jina hata kabla manyoya hayajamkauka. Ndama dume hakupewa. Hakuna aliyetukalisha chini kutufundisha hivyo, wala sikumbuki mtu mzima akilisema kwa mdomo. Ng'ombe wa kisasa akizaa dume, maana yake kuna anayenyonya maziwa ambayo yangekwenda kuuzwa kituoni, na maziwa ya kituoni ndiyo sare, ndiyo daftari, ndiyo mafuta ya taa. Sisi watoto tuliotumwa kukata matete kila jioni tuliyajua majina ya mitamba yote ya mtaa, na kwa yale madume tulisema "lile la kwa fulani". Nimeyaishi hayo utoto wangu wote na sikuwahi kuyaona kama jambo lenye maneno, mpaka nilipomwona kijana wa Hokkaido akionywa mbele ya banda la nguruwe.

Lakini sehemu ya nguruwe ndiyo wote wanaoisifia. Ninayotaka kuisema zaidi ni ya Komaba.

Ichirou Komaba ni mtoto wa wafugaji, baba amefariki, nyumbani wapo mama na wadogo wawili mapacha. Ni mrushaji mpira mzuri wa besiboli, na ndoto yake imeshikana na hesabu: acheze kulipwa, alipe madeni ya shamba. Ukiwa umezoea hadithi za michezo za Kijapani unajua kijana kama huyo anapaswa kufika wapi. Timu inashindwa. Shamba linafungwa. Komaba anaacha shule na kwenda kutafuta kazi. Hakuna mwalimu anayejitokeza na fedha, hakuna kombe, hakuna tajiri aliyeguswa moyo. Kijana aliyekuwa akiamka alfajiri kuliko wote anashindwa kwa sababu shamba dogo, lenye ng'ombe wachache na deni kubwa, hesabu zake hazikubali. Hata Hokkaido, inakotoka zaidi ya nusu ya maziwa yote ya Japani, bidii peke yake haitoshi, na Arakawa anajua kwa sababu ametoka humo.

Sehemu hiyo niliiangalia mara ya pili nikiwa na mama. Alikuwa amekuja mjini kwa matibabu ya macho, jioni hana la kufanya, nikawa namfasiria. Mwanzoni alishangaa ukubwa wa matiti ya wale ng'ombe weusi na weupe, akauliza wanatoa lita ngapi, akasema hao pumba zao si za mchezo. Tukafika pale ng'ombe wa akina Komaba wanapopakiwa wapelekwe. Mama akaangalia lori lile, kisha akaniuliza:

"Kwa hiyo deni limeisha sasa?"

"Bado, mama. Hawatoshi."

"Mdhamini wao nani?"

Nilikuwa sijamfasiria kabisa habari ya mdhamini. Yupo: ni familia ya Mikage, majirani na marafiki wa siku nyingi. Wao waliweka saini kwenye mkopo wa akina Komaba, na sasa shamba lisilo na kosa lolote linabanwa, farasi wanauzwa, na binti ambaye tangu mwanzo alitaka kuishi na farasi anaona ndoto yake ikiondoka kulipia deni ambalo hakulikopa. Mama aliposikia hivyo alisema tu, "Kama ya baba yako mdogo," akaniambia niendelee.

Ya baba mdogo ni fupi. Alimwekea saini jirani kwenye chama cha kuweka na kukopa, kama ambavyo jirani angemwekea yeye. Jirani akaugua, kazi ikasimama, marejesho yakakwama. Ng'ombe walioondoka ni wa baba mdogo, na mmoja wao alikuwa mtamba mwenye mimba. Hakuna aliyemdhulumu mwenzake, wala hawakuacha kusalimiana. Nilichokumbuka nilipokuwa namfasiria mama ni jinsi mkewe alivyoendelea kuosha ndoo ya maziwa kila asubuhi kwa muda mrefu baada ya banda kuwa tupu, akaianika juani kichwa chini palepale ilipokuwa ikianikwa.

Arakawa anaijua ndoo ile. Ndiyo maana hatafuti mwovu wa kumtwisha mzigo. Yupo msichana aitwaye Tamako, wa shamba kubwa la kibiashara liitwalo Giga Farm, anayezungumza kuhusu ng'ombe kama mhasibu: asiyeleta maziwa ya kutosha, aende nyama. Katika hadithi nyingine huyo angekuwa adui, tena angepewa kicheko kibaya. Hapa ni rafiki yao, tena mara nyingi ndiye mwenye kusema ukweli ambao wengine hawana ubavu wa kuusema. Vivyo hivyo Aikawa, kijana anayetaka kuwa daktari wa mifugo lakini akiona damu anaishiwa nguvu. Anamuuliza daktari mmoja kinachotakiwa ili mtu aifanye kazi hiyo, naye anamweleza kwamba, pamoja na mengine, ni kuwa tayari kuua. Bwana mifugo yeyote aliyewahi kusimama juu ya ng'ombe aliyevunjika nyonga anajua kwamba hiyo si kauli ya ukatili.

Na nikirudi Fullmetal kwa macho haya naiona upya. Vita ya Ishval, watu wanaoangamizwa kwenye ardhi yao na jeshi la taifa kubwa, haikutoka hewani. Arakawa anatoka katika ukoo wa walowezi wa Hokkaido, kisiwa kilichoitwa Ezo kabla serikali ya Japani haijakibadilisha jina mwaka 1869, na ambako Waainu, wenyeji wake wa asili, walikuwa wakiishi tangu kale. Amesema wazi kwamba habari ya Waainu ilikuwa akilini mwake alipoiandika. Kwa ajili ya kazi hiyo alizungumza pia na wakimbizi na wanajeshi wa zamani wa vita. Shule ya Hachiken nayo inabeba jina la Ezo. Kazi zote mbili zinauliza jambo lilelile, hiki unachokula, hapa unaposimama, ni nani aliyelipa? Moja inauliza kwa mabomu, nyingine kwa bekoni, na mimi ile ya bekoni hunikalia mwilini muda mrefu zaidi.

Kinachonigusa kuliko vyote ni kwamba kicheko hakikatwi. Siku chache baada ya ng'ombe wa Komaba kuondoka bado kuna zamu ya kulisha kuku, bado kuna mtu anateleza kwenye mavi, bado jamaa wanagombania chakula cha usiku kwa sababu wamefanya kazi tangu gizani na wana njaa kweli. Watu wa bandani ndivyo tulivyo. Msiba ukiingia, ng'ombe bado anadai majani saa ileile. Sijaona kazi nyingine ya kuchora iliyolionyesha hilo bila kulitengenezea muziki wa huzuni.

Hachiken naye hamwokoi mtu. Anachoweza kumfanyia Aki ni kukaa naye mezani kwao, mbele ya baba, mama, babu na bibi, mpaka binti apate nguvu ya kusema kwamba hataki kurithi shamba. Kisha anajitolea kumfundisha masomo, kwa sababu ili afanye kazi na farasi ni lazima aingie chuo, na alama zake ni mbaya. Watu wazima wanakubali, na wanaendelea kuwa na deni.

Anime ina misimu miwili, wa 2013 na wa 2014, sehemu 22 kwa jumla, na inakatika kabla Aki hajafanya mtihani wa chuo. Mama hakuridhika hata kidogo. Ameshaondoka, macho yanaendelea vizuri, na sasa kila Jumapili akitoka kanisani nampigia kumsimulia manga kuanzia pale anime ilipoachia. Shikamoo, marahaba, hajambo nani, kisha, "Haya, leta wale Wajapani wako." Leo tumefika pale Hachiken anapomkazania Aki masomo usiku wakati wote wawili wanasinzia. Mama alinisikiliza, akanikatiza. Anataka kujua, binti akiwa kwenye vitabu saa hizo zote, asubuhi anakamua nani. Nimemwambia nitaangalia, nimjibu wiki ijayo.